Olaiti za Bibi

Juzi nilipanda Kiriri, mtaa wa matajiri wa Bujumbura, kumpelekea mteja gauni nililomshonea. Langoni kwake gari kubwa jeupe lilikuwa linarudi nyuma, na hapakuwa na mtu wa kuliongoza. Lilikuwa linalia lenyewe, tii, tii, tii, na lilipokaribia ukuta likazidi kulia kwa haraka, dereva akakanyaga breki, akashuka zake. Mlinzi hata kwenye kiti chake hakuinuka. Nilisimama pale na mfuko wangu wa gauni nikacheka peke yangu, mpaka yule mlinzi akaniuliza kama mimi ni mzima. Ningemweleza nini? Kwetu Buyenzi, rafiki yangu, gari halikurudi nyuma bila mtu kusimama nyuma yake na kupaza sauti: "Olaiti! Olaiti! Olaiti!" Na kwa mafundi wote wa mtaa ule wa magaraji neno hilo lilikuwa na maana moja tu: rudi, rudi, nafasi bado ipo.

Nyumbani kwetu mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwa sababu nyumbani kwetu neno lilikuwa mali ya Bibi, mama yake baba. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa shoferi wa malori. Alikwenda Kigoma, akapita, akafika mpaka Mombasa, na huko bandarini ndiko alikowasikia watu wakilitumia neno hili la Kiingereza. Akalileta Bujumbura pamoja na kanga na sabuni za kunukia. Kanga zilichakaa, sabuni ziliisha, neno likabaki kwa Bibi. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuwa na Kiswahili chake, Kirundi cha sokoni na Kiarabu cha kuswalia, na Kiingereza chake chote kilikuwa hilo neno moja. Alilitia kila mahali kama chumvi.

Nikikumbuka asubuhi zile, kwanza nasikia nyundo. Mafundi wa bati walianza kugonga kabla jua halijapanda vizuri, huyu ananyoosha mlango wa gari, yule mdomo wa teksi. Kisha inakuja harufu, iliki ya maandazi ya Bibi ikichanganyika na oili chafu ya magari, na mpaka leo nikipita mahali panaponuka oili napata njaa. Jikoni kulikuwa na moshi wa kutoa machozi. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nachambua mchele, na jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupasua ukuta, alikuwa akipita na ndoo yake ya maji na kumsalimu Bibi. Bibi anajibu, "Olaiti," kwa kuivuta mwishoni, na maana yake ni kwamba ameamka salama, mgongo unauma kidogo, tumshukuru Mungu.

Akija muuza ndagala na ungo wake kichwani, Bibi atanusa wale samaki, atawageuza kwa kidole, atamsikiliza akitaja bei, kisha ataanza kukunja pindo la kanga yake polepole na kusema, "Olaiti." Hiyo ilikuwa ni nenda zako, sinunui. Maskini yule mwanamke alikuwa akibaki amesimama akidhani biashara imefanyika. Lakini umeme uliokatika tangu jana ukirudi ghafla, mtaa mzima ukapiga kelele, Bibi alirusha mikono yote miwili juu na kupiga yowe, "Olaiti!" Nikiwa na homa ya malaria, naloa jasho, alinipigapiga mgongoni na kuninong'oneza olaiti, olaiti, mpaka nalala. Na kulikuwa na nyingine fupi, kavu, ambayo kaka yangu aliijua kuliko sote. Bibi akikusikia umejibu vibaya, haongezi neno. "Olaiti." Hapo ujue jioni kuna kazi.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshinda naye jikoni, nyumba nzima ilinifanya mkalimani. Mama yangu, ambaye ndoa ilimleta pale akiwa mgeni wa neno hilo, aliniita mara kwa mara nyuma ya pazia. "We, nimemuomba Bibi niende kwa dada yangu Mutakura, amesema olaiti. Ile ya nini?" Namuuliza mikono ilikuwa wapi. Akisema ilikuwa imekaa magotini, namwambia aende. Akisema Bibi alikuwa anakunja pindo la kanga, namwambia avue viatu, safari hakuna. Sikuwahi kukosea, na kiburi nilikuwa nacho, sikufichi.

Shuleni wakati ule Kiingereza kilikuwa kimeingia kikiwa kipya. Tulizoea Kifaransa na Kirundi, sasa tukaongezewa na hicho. Siku moja mwalimu aliandika maneno ya kujibu salamu ubaoni, na mojawapo, alipolisoma, likawa neno letu lenyewe. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Mwalimu akasema maana yake ni "sawa". Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni moja tu, zingine umeziacha." Darasa likacheka. Mwalimu, mtu mpole mwenye miwani, akaniuliza hizo zingine nimezitoa kitabu gani. Nikamjibu, kwa Bibi. Akanifikiria kidogo, kisha akasema, "Olaiti, kaa chini." Mpaka leo sijui yake ilikuwa ya aina gani, maana mikono yake ilikuwa imeshika chaki.

Sasa nikueleze habari ya shangazi yangu, maana nyumba yetu haikuwahi kulisumbukia lile neno kama mwaka aliochumbiwa. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, ndiye pekee wa mabinti zake aliyebaki nyumbani. Ndiye aliyenifundisha kukanyaga cherehani. Alikuwa na mikono myepesi na kicheko cha kumtoa paka uvunguni. Wachumba walikuwa wameshakuja. Tatizo lilikuwa kwamba kila walipokuja, Bibi aliwasikiliza kwa heshima zote, akawajibu olaiti, wakaenda kwao wakisubiri waitwe. Hawakuitwa. Mmoja, kijana wa Mutakura, alisubiri mpaka akachoka akaoa kwingine, na nadhani hajui mpaka leo kwamba alikataliwa. Shangazi hakulalamika, kwa sababu yeye mwenyewe hakumpenda sana yule wa Mutakura.

Halafu Baba akaamua kutuongezea chumba, na likaja lori la matofali kutoka Gatumba. Aliyeliendesha alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, na konvoyeri wake aliyepaswa kumwongoza alikuwa mgonjwa siku hiyo. Mlango wa ua wetu ulikuwa mwembamba. Bibi alipoona lori linaanza kurudi nyuma bila mtu, akajifunga kanga kiunoni, akatoka jikoni, akasimama nyuma yake. Kwa kuwa aliolewa na shoferi, alijiona anajua kazi. Lori likaingia vizuri. Likapita mlango, likapita pipa la maji, likaanza kulielekea jiko. Bibi akanyoosha viganja vyote viwili mbele na kusema, "Olaiti, olaiti!" Kwake yeye, ikirudiwa mara mbili kwa haraka, maana yake ni inatosha, hapo hapo.

Kijana hakuviona viganja, kioo chake kilikuwa na ufa. Alichosikia ni sauti ya mama mtu mzima ikimwambia arudi, nafasi ipo. Akarudi. Bibi akapaza sauti zaidi. Kijana akashukuru moyoni kwa kuongozwa vizuri hivyo, akaongeza mafuta. Ukuta wa jiko ukalala wote ndani, juu ya sufuria ya maharage ya mawese yaliyokuwa karibu kuiva, na Bibi akaruka pembeni kwa wepesi ambao hatukujua kama bado anao.

Kijana aliruka chini, uso umembadilika. "Mama! Mama, si umesema olaiti?"

"Nimesema olaiti!" Bibi akamjibu kwa hasira. "Olaiti, olaiti, mupaka sauti inakatika! We auna masikio?"

"Njo nilisikia, Mama. Njo maana nikarudi."

Wakasimama wakitazamana, kila mmoja ana haki yake kamili. Hapo ndipo shangazi alipotoka chumbani na uzi shingoni, akaliona jiko, akamwona mama yake, akamwona yule kijana amejaa vumbi la matofali mpaka kwenye kope, akaanza kucheka. Alicheka akashindwa kusimama, akakaa chini kwenye mchanga. Kijana naye, akiwa bado anaomba radhi, kicheko kikamponyoka. Bibi peke yake hakucheka. Alikwenda kuokoa maharage.

Kijana alisema atalijenga jiko upya kwa mikono yake, na akaja. Sijawahi kuona ukuta mdogo vile ukichukua muda mrefu vile. Alipanga tofali, akalitazama, akalitoa, akalipanga tena. Shangazi, ambaye kwa kawaida hakupenda jua, alikuwa ghafla na sababu za kupeleka maji, kupeleka chai ya tangawizi, kuuliza kama udongo umekauka. Kijana aliweka dirisha upande wa ua, ambalo jiko la zamani halikuwa nalo, na moshi uliokuwa ukitutoa machozi miaka yote ukapata njia. Bibi alilitazama lile dirisha akasema, "Olaiti," na mikono yake ilikuwa imekaa kiunoni. Hiyo nilimwambia shangazi kwamba ni ya kusifu. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Basi haukupita muda wajumbe wakaja kutoka Gatumba. Baba mdogo wa kijana ndiye aliyeongea, mzee mwenye kofia safi na maneno ya kupanga. Baba yangu alipokea, akasema kwa heshima kwamba neno la mwisho ni la Mama. Wote wakamgeukia Bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka. Nyuma ya pazia, tukichungulia, shangazi alinishika mkono.

"Mama, tumekuja kuomba mutoto," yule mzee akasema. "Tunaomba utujibu."

Bibi akaitazama ile kofia safi. Kisha akasema, "Olaiti."

Lo! Wale wageni walifurahi. Waliomba dua, wakanywa chai, wakala maandazi yote, wakaondoka wakishikana mikono na kila mtu mpaka na mimi. Jirani yetu mwenye ndoo alipiga vigelegele huko nje, mtaa mzima ukajua. Ndani ya nyumba hakuna aliyepiga chochote. Bibi alikwenda jikoni kama kawaida, na sisi tukabaki tunatazamana.

"Amekubali," Baba akasema. "Hiyo ilikuwa ile ya umeme kurudi."

"Apana," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa ile ya ndagala."

"Utajuaje? Umeolewa hapa juzi tu."

"Nimeolewa hapa ni mutoto wa pili sasa."

Wakabishana mpaka wakachoka, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Shangazi naye akanigeukia. Wachumba wa kwanza walikuwa wamepotelea kwenye neno hilo hilo, na safari hii alimpenda, kila mtu aliona. Nilitamani niwe nimetazama kwingine. Lakini nilikuwa nimeona, na nilisema nilichoona: Bibi alikuwa anakunja pindo la kanga. Baba alikaa chini. Shangazi hakulia. Alitoa uzi shingoni, akauweka juu ya cherehani, akaenda jikoni moja kwa moja, na mimi nikamfuata kwa sababu mchele wangu ulikuwa huko.

Bibi alikuwa ameinamia karai, anageuza maandazi.

"Mama," shangazi akasema, "ile olaiti uliyowajibu watu wa Gatumba, ilikuwa ya kukubali ao ya kukataa?"

"Olaiti," Bibi akasema bila kugeuka.

"Apana, Mama. Leo nijibu kwa Kiswahili."

Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia Bibi hivyo. Nilishika ungo wangu kwa mikono miwili. Bibi alitazama mafuta.

"Gatumba ni mbali," akasema mwishowe.

"Mbali? Hata baiskeli ya taksi velo inafika, Mama."

"Kuna muto katikati."

"Muto iko na daraja."

Bibi akavuta kigoda akakaa. "Hii neno unajua ilitoka wapi?"

"Kwa Baba."

"Kwa baba yako. Akitaka kwenda safari, mi nasimama pale mulangoni namuuliza, utarudi lini? Ananijibu olaiti, anapanda kamyo. Mara anarudi baada ya siku mbili, mara mwezi unaisha. Mi sikujua hata siku moja alikuwa anataka kuniambia nini."

"Iliumiza?"

"Iliumiza sana, mutoto wangu."

"Basi juu ya nini unanijibu mi vile vile?"

Nyundo za mafundi zilikuwa zinagonga huko nje, na ndani ya karai maandazi yalianza kuungua. Maisha yangu yote sikuwahi kuona andazi la Bibi likiungua. Alikuwa anamtazama binti yake kana kwamba hajamwona kwa muda mrefu.

"Mi sitaki uende," akasema. Sauti yake ilikuwa nyingine, ndogo, ya mtu anayejaribu kiatu kipya. "Ukienda nitabaki kuongea na hizi sufuria. Njo ukweli. Na ule kijana ni muzuri, anaswali, anajua kujenga, na we unamupenda. Enda. Nimekubali. Sitaki, na nimekubali."

Shangazi alipiga magoti palepale kwenye unga akamlalia mama yake mapajani. Walilia, kisha wakaanza kucheka, kisha wakalia tena, na mimi nikala maandazi yaliyoungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama.

Ijumaa iliyofuata wajumbe walirudi kupanga mambo ya harusi. Kabla yule mzee wa kofia hajamaliza hata salamu, Bibi alinyoosha mgongo, akaweka mikono yake wazi juu ya magoti, akatamka kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nimekubali."

Mzee aliduwaa. "Asante sana, Mama. Lakini si ulishakubali juma lililopita? Sisi tulishaalika watu."

Baba alikohoa. Mama alitazama dari. Nyuma ya pazia shangazi aliuma kanga yake asisikike. Bibi hakupepesa hata jicho.

"Nilitaka musikie vizuri," akasema.

Harusi ilikuwa ya kukumbukwa, pilau ilipikwa kwenye sufuria za kukopa mtaa mzima, na shangazi akavuka daraja la Ruzizi amekaa mbele kwenye lori lile lile, limefungwa kanga pande zote. Nasi tukabaki na Bibi mpya. Tulikuwa tumemwomba miaka mingi aseme kwa uwazi, na sasa tulipata. Kumbe alikuwa na "apana" nyingi kifuani! Ukiomba soda, apana. Ukiomba kwenda ziwani na wenzako, apana. Jirani yetu alileta mchuzi aonje, akaambiwa chumvi imezidi, akanuna siku kadhaa. Ile Gatumba ya mbali, Bibi akawa anakwenda kila alipojisikia, amekaa upande kwenye baiskeli ya taksi velo, ameshika mkanda wa dereva, anamwelekeza njia. Aliporudi alituambia moja kwa moja kwamba alikuwa amemkumbuka sana binti yake, na kwamba amefurahi kumwona amenenepa. Mambo ya namna hiyo zamani tungeyachimba siku nzima.

Miaka ya karibuni maji ya mafuriko yalipoingia Gatumba, shangazi na mumewe walihamia Mutakura na watoto wao, na wako salama, bado wanachekana. Bibi alikuwa ameshatutoka. Nyumba yetu ya Buyenzi imepangishwa, karakana nyingine zimehamishwa, na vijana waliobaki wanasema okey, ambayo haina uzito wowote mdomoni. Siku yake ya mwisho Bibi alituambia wazi kila kitu, nani achukue karai, nani aache uvivu, na kwamba anatupenda. Hakutuachia swali hata moja.

Wote walifaidika na siku ile ya jikoni, Bibi alipojibu kwa Kiswahili, na mimi pia nilifurahi, nakuapia. Ila nilipoteza kazi yangu. Tangu hapo hakuna aliyeniita tena nyuma ya pazia kuniuliza Bibi ana maana gani, na sikuwa na sababu tena ya kukaa kwenye kigoda nikiitazama mikono yake. Leo ningependa anijibu olaiti moja tu, nisiielewe, nishinde nayo siku nzima nikitafuta alitaka kuniambia nini.